“Out of Africa”: Picha iliyoipita Voi bila kushuka

Watu wengi wa Pwani wanaijua Voi kwa dirishani. Akiwa ndani ya basi la Nairobi, msafiri hushuka kidogo kunyoosha miguu, hunywa kikombe cha chai, huutazama mlima wa Sagalla kwa mbali, kisha honi hulia naye hupanda. Akiwa ndani ya treni mpya, ile ya moja kwa moja isiyosimama njiani, hata hicho kikombe cha chai hakipati. Voi humpita kama kivuli.

Hivyo ndivyo ilivyofanya sinema moja iliyopata sifa dunia nzima. Kilele cha kisa chake ni kifo kilichotokea papo hapo Voi, lakini mtazamaji huitazama picha nzima, zaidi ya saa mbili na nusu, asiione Voi hata mara moja. Picha hiyo ni “Out of Africa”, iliyotolewa Desemba 1985.

Wako wasomaji walioiona zamani katika majumba ya sinema, na wako walioiona baadaye katika kanda za video. Vijana wa leo huenda wamelisikia jina tu. Kwa hiyo tukumbushane kwanza kisa chenyewe, waliokicheza na waliokitengeneza, kisha tuje kwenye yale ambayo picha haikuyasema. Maana mengi kati ya hayo ni yetu sisi watu wa Pwani na wa Taita.

KISA CHENYEWE

Kisa kimetolewa katika maisha ya bibi mmoja wa Kidenmark, Karen Blixen, aliyefika Kenya mwaka 1914 kuolewa na Bwana Bror Blixen, Mswidi. Wakaanzisha shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Ndoa haikudumu, na kahawa nayo haikustawi, kwa kuwa Ngong ni juu mno na baridi yake ni kali kwa mmea huo. Katika miaka hiyo bibi huyo akapendana na Mwingereza mmoja aitwaye Denys Finch Hatton, mtoto wa watu wakubwa kwao, aliyesoma Oxford kisha akaja huku kuwinda na kuongoza safari za matajiri. Hata mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kuwinda mwaka 1928 na tena mwaka 1930, Denys ndiye aliyemwongoza.

Mwaka 1931 yote yalimwisha kwa mpigo. Shamba likauzwa, na Denys akafa katika ajali ya ndege. Bibi Karen akarudi kwao Denmark akiwa hana kitu, na mwaka 1937 akatoa kitabu ambacho jina lake ndilo lililopewa picha. Alifariki mwaka 1962, kabla sinema hii haijatengenezwa.

WACHEZAJI NA WATENGENEZAJI

Mwelekezi wa picha alikuwa Bw. Sydney Pollack wa Marekani. Aliyeuandika mchezo kwa ajili ya sinema ni Bw. Kurt Luedtke. Karen alichezwa na Bi. Meryl Streep, ambaye ili aipate sauti ya yule bibi alikuwa akisikiliza kanda za maneno yake. Denys alichezwa na Bw. Robert Redford, aliyefariki Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 89. Hapo palikuwa na minong’ono, kwa sababu Denys alikuwa Mwingereza wa damu mwenye upara, naye Redford ni Mmarekani mwenye nywele za dhahabu, na katika picha anasema Kimarekani chake kama kawaida. Bror alichezwa na Klaus Maria Brandauer wa Austria, na wengi walisema kwamba yeye ndiye aliyewashinda wote kwa uhodari.

Upande wa Waafrika, mtu mkubwa katika picha ni Farah Aden, Msomali Mwislamu aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Karen tangu mwanzo hata mwisho. Alichezwa na Malick Bowens, mwigizaji wa asili ya Mali. Msomaji wa Pwani akimwona Farah na kanzu yake na kilemba chake, mwenendo wake wa adabu na maneno yake machache, atadhani anamwona mzee wa mtaani kwao. Mpishi kijana Kamante alichezwa na Joseph Thiaka. Iman, binti wa Kisomali wa Mogadishu aliyekuwa amekwisha kupata jina kubwa kwa maonyesho ya mavazi, alipewa nafasi ndogo ya Mariammo.

Yuko na mmoja wetu. Anaitwa Kanuthia katika picha, yule mfuasi wa Denys anayetembea naye porini na kusema kwa nadra. Aliyemcheza ni Job Seda, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956. Wengi hawalijui jina hilo, lakini watalijua lile alilolichukua baadaye: Ayub Ogada, mpiga nyatiti. Katika sinema hii alipewa nafasi ya mtu mkimya, kumbe ndani yake mna sauti ambayo ulimwengu ungeisikia. Mwaka 1993 alitoa sahani yake “En Mana Kuoyo”, na wimbo wake “Kothbiro” ukatiwa katika sinema nyingine iliyopigwa Kenya, “The Constant Gardener” ya mwaka 2005. Alifariki Februari 2019.

Picha ilipigwa hapa Kenya, kwa gharama iliyokaribia dola milioni 30. Mtaa mzima wa Nairobi ya kale ulijengwa upya huko Langata kwa mbao na mabati. La kuchekesha ni kwamba simba walioonekana wakishambulia hawakuwa wa Kenya. Waliletwa kwa ndege kutoka California, simba waliofunzwa kazi hiyo, wakaletwa katika nchi ambayo jirani na Voi tu iko mbuga iliyojaa wenzao!

ZAWADI SABA

Tarehe 24 Machi 1986, zilipotolewa zawadi za Oscar, “Out of Africa” ilikuwa imependekezwa kwa zawadi kumi na moja, ikatwaa saba. Ilishinda kama picha bora ya mwaka. Pollack akachukua ya mwelekezi, na Luedtke ya mwandishi. David Watkin alipata ya upigaji picha, John Barry ya muziki, Stephen Grimes na Josie MacAvin ya mapambo ya mandhari, na mafundi wa sauti wakapata yao. Wachezaji hawakupata kitu: Bi. Streep na Bw. Brandauer walipendekezwa, wakarudi mikono mitupu.

Fedha nazo hazikukosekana. Marekani peke yake picha iliingiza zaidi ya dola milioni 85. Watalii wakaanza kuuliza njia ya Ngong, na mwaka huo huo wa 1986 nyumba ya Bibi Karen ikafunguliwa kuwa makumbusho. Jina la Kenya likavuma.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika magazeti yote. Sasa tuje kwetu.

HARUSI ILIYOHAMISHWA

Katika picha, Karen anashuka kwenye treni Nairobi, anapokewa na Farah, na saa hiyo hiyo anaolewa katika bustani ya klabu ya Wazungu. Bendi inapiga, watu wanakunywa. Lakini harusi ya kweli haikuwa Nairobi. Ilikuwa Mombasa, tarehe 14 Januari 1914, mara tu aliposhuka melini, na mmoja wa mashahidi alikuwa mwana wa mfalme wa Sweden. Ndipo maharusi wakapanda treni kwenda bara, wakaipita Voi kama tunavyoipita sisi.

Iko na Takaungu. Msomaji wa Kilifi hahitaji kuelezwa Takaungu ni wapi: ni mji wa Wamazrui, waliohamia huko baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Katika hori ya Takaungu Denys Finch Hatton alikuwa na kiwanja na nyumba ndogo, karibu na magofu ya mji wa kale na miembe mikongwe. Karen aliwahi kwenda naye, na katika kitabu chake ameyaeleza magofu hayo, bahari yake na joto lake kwa mapenzi makubwa. Sinema haikuitaja Takaungu. Ndani yake Denys ni mtu wa nyika na mahema tu, kama kwamba hajapata kulala akisikia mawimbi.

Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vimefanywa hivyo hivyo. Katika picha vita hivyo ni safari moja ya Karen, akiongoza magari ya ng’ombe kuwapelekea chakula Wazungu wenzake. Kwa watu wa Taita Taveta vita havikuwa safari. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Februari 1916 askari wengi walianguka katika mapigano ya kilima cha Salaita. Reli inayotoka Voi kuelekea Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Makaburi ya askari yako mpaka leo Taveta na Voi, na anayetaka kuyaona hatozwi ada ya sinema.

ALHAMISI YA VOI

Tumekuja kwenye jambo lenyewe. Katika picha, Denys anamwahidi Karen kwamba atarudi baada ya siku chache amchukue kwa ndege mpaka Mombasa. Karen anangoja katika nyumba tupu, vyombo vimekwisha kuuzwa. Anayekuja si Denys bali ni Bror, na uso wake unatosha kusema. Ajali yenyewe haionyeshwi. Hatuoni ndege ikianguka, hatuoni moto wala mahali. Baada ya hapo tuko Ngong, kaburini.

Yaliyotokea ni haya. Mwaka 1930 Denys alikuwa amenunua ndege ndogo ya viti viwili, aina ya Gipsy Moth, rangi ya manjano. Mei 1931 alipata fikira ambayo siku hizo ilikuwa mpya: kwamba tembo wa nyika ya Voi wangeweza kutafutwa kutoka angani, ili mwindaji asipoteze majuma akifuata nyayo. Akaruka kwanza mpaka Pwani. Alipotua, ncha ya rafadha ya ndege ikagonga jiwe la matumbawe ikavunjika, ikabidi apeleke simu Nairobi aletewe nyingine. Ilipotengenezwa akaelekea Voi kuwatazama tembo, nao akawaona.

Hakuwa peke yake. Katika kiti cha pili alikuwamo mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1931, wawili hao walipanda ndege Voi ili warudi Nairobi. Ndege ikapaa, ikazunguka juu ya uwanja, kisha ikayumba, ikaanguka na kushika moto. Watu wakakimbilia, lakini joto la moto likawazuia wasisogee. Wakatupa matawi na mchanga mpaka moto ukafifia, na walipofika waliwakuta wote wawili wamekufa. Denys alikuwa na umri wa miaka 44.

Maiti yake ikapakiwa katika treni hapo stesheni ya Voi, ikapelekwa Nairobi, akazikwa siku ya pili juu ya vilima vya Ngong. Baadaye ndugu yake akamjengea mnara wa mawe, wenye bamba la shaba na jina lake. Picha inakwisha kwa habari ya kwamba simba dume na jike walikuwa wakionekana wamelala juu ya kaburi hilo. Kitabu nacho kinaisimulia habari hiyo.

NA KAMAU JE?

Msomaji, jaribu kumwuliza mtu yeyote aliyeiona picha hii: ndani ya ndege ya Denys walikufa watu wangapi? Atakujibu, mmoja. Wala hadanganyi, anasema alichokiona. Katika sinema Kamau hayumo. Hakupewa mchezaji, wala hakutajwa pale Bror anapoleta habari. Kitabu, ambacho kilimpa jina, kinayaeleza mazishi ya Denys kwa kurasa nyingi: jinsi kaburi lilivyotafutwa katika ukungu, waliokuja na walichokisema. Mazishi ya Kamau hakikuyaeleza.

Si nia yetu kumlaumu marehemu Denys. Hakuiandika sinema, na alikufa na mtu wake ubavuni. Wala si kusema kwamba picha ni mbaya. Ni picha nzuri. Muziki wake unagusa moyo, na ile sehemu ambayo ndege inapita juu ya ziwa la korongo wekundu haijapata mfano. Tena mtengenezaji wa sinema ana ruhusa ya kupunguza. Maisha ya miaka kumi na saba hayaenei katika saa mbili na nusu, na lazima kuna watakaoachwa nje.

Lakini tuangalie wanaoachwa ni akina nani kila mara. Kambi moja ya fahari ya watalii katika Tsavo West imepewa jina la Finch Hatton. Hatujasikia kambi, wala njia, wala darasa la shule lililopewa jina la Kamau aliyekufa Voi. Ndege nyingine ya manjano iliyotumika katika kupiga picha ilikuja kuuzwa mnadani Paris mwaka 2013, watu wakishindana bei. Chombo cha kuigiza kimetunzwa, na mtu wa kweli aliyekufa katika chombo cha kweli hakutajwa.

Tena picha hii yenyewe inajua uzito wa jina. Kumbukeni mwisho wake. Karen anaondoka, yuko stesheni, na Farah amekuja kumwaga. Miaka yote Farah amemwita “Msabu”, yaani memsahibu, kama watumishi wote walivyowaita mabibi wa Kizungu. Siku hiyo Karen anamwomba neno moja tu: alitamke jina lake. Farah analitamka, na watazamaji wengi hutoa machozi. Bibi yule alitaka kutajwa jina kabla hajaondoka. Je, mtumishi aliyeondoka duniani katika moto wa Voi hakustahili hilo?

MAJI NA TEMBO

Tumalizie na mambo mawili ambayo mtu wa Pwani na mtu wa Taita watayafurahia.

Katika picha Karen anajenga bwawa shambani. Wenyeji wanamwambia kwamba maji yale kwao ni Mombasa, na huko ndiko yanakotaka kwenda. Baadaye bwawa linapasuka, naye amechoka, anasema yaachwe yaende. Ni maneno matamu, lakini jografia yake ina kasoro. Maji ya Ngong huingia mto Athi, hupita Tsavo kwa jina la Galana, na huingia baharini kwa jina la Sabaki karibu na Malindi. Mombasa hayafiki. Maji ya Mombasa yanatoka kwingine: chemchemi za Mzima, huko Tsavo West, katika ardhi ya Taita Taveta, yakiletwa kwa bomba refu. Mtu wa Mombasa anayefungua mfereji asubuhi atawadhe huenda anatumia maji ya Taita, na mara ngapi amelikumbuka jina la Mzima? Basi si watu wa sinema peke yao wanaosahau.

La pili ni tembo. Ile fikira ya kuwatafuta tembo wa Voi kutoka angani, ambayo katika safari yake Denys na Kamau walipoteza maisha, haikufa nao. Tsavo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, na Voi ikawa makao ya Tsavo East chini ya mlinzi wake wa kwanza, David Sheldrick. Ndege ndogo zikarudi juu ya nyika ile ile, safari hii kuwalinda tembo na kuwahesabu. Hesabu ya mwaka 2021 katika eneo la Tsavo ilikaribia tembo 15,000. Denys mwenyewe katika miaka yake ya mwisho alikuwa amekwisha kuchoshwa na uuaji wa wanyama ovyo, na aliandika magazetini Uingereza kulaumu watu waliokuwa wakiwapiga risasi simba wakiwa ndani ya magari. Huenda jambo hilo la tembo lingemfurahisha kuliko mnara wa mawe.

Kwa hiyo, msomaji, ukiipata picha ya “Out of Africa”, itazame. Ina mengi ya kufurahisha. Bw. Pollack amefariki, John Barry amefariki, Redford amefariki, Ayub Ogada wetu amefariki, lakini kazi yao iko. Bror anapoingia katika nyumba ile tupu na kofia yake mkononi, wewe utakuwa unajua asichokisema: kwamba ilikuwa Voi, ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, na walikuwa wawili.

Na siku utakapopita Voi tena, ukiwa na nafasi ya kushuka, shuka. Kunywa chai, waulize wazee. Mmoja wa wale wawili analo kaburi linalotembelewa na wageni. Wa pili aliitwa Kamau.